Vifurushi 142, Kimoja Kimezuiwa

Mega za usiku huanza saa sita.
Kabla ya hapo ni bei ya nyama,
baada ya hapo ni bei ya sombe,
na mimi, Nsimire wa maternite ya Kadutu,
nanunua kifurushi ili nivute vifurushi.

Naandika amri. Naandika nywila, herufi hazionekani,
kama mtu anayesali kimoyomoyo.
Mashine inahesabu, inarudi na orodha:
vifurushi mia moja arobaini na viwili vitasasishwa,
hakuna kitakachoondolewa,
kimoja kimezuiwa.
Unataka kuendelea? N au H.

Nje, mvua ya Novemba inapiga mabati ya mtaa mzima.
Zamu Bisimwa anachungulia, koti linadondosha maji:
"Ule masini iko mugonjwa, ao?"
"Hapana, baba. Iko muzima."
Haridhiki. Kwake yeye
kinachokeshewa ni mgonjwa ama maiti.

N.

Vinashuka kimoja kimoja.
Jedwali la saa za dunia, kwani kuna serikali mahali
imesogeza mshale, na mimi wa Bukavu sina budi kujua.
Kisha kufuli la mtandao: kuna mtu, mbali,
aliyeona tundu mlangoni kwangu
na badala ya kuingia akaniletea komeo.
Simjui jina. Nimemwombea mara mbili.

Wahenga walitwambia habari za ufa na ukuta.
Hawakupanga chumba kwenye mteremko huu,
ambako ukuta unalala mzima, bila ufa,
na asubuhi ukaukuta kwa jirani wa chini.
Huku tunazibua mifereji, tunajaza magunia mchanga,
na mwaka ujao tena,
maana mlima haupokei kazi ya mwaka jana.

Asilimia sitini na moja, umeme ukaenda.

Betri chini ya meza ikaanza kulia kama kifaranga.
Dakika kumi na mbili, labda kumi.
Ukikatiza hapa, mashine hubaki
kama mtoto aliyekwama kichwa ndani ya shati.
Zinatosha, nikasema. Zinatosha.
Ndipo sauti ya Mama Cibalonza kutoka chumba cha uzazi:
"Nsimire! Lete hiyo betri, taa imekufa!"

Sikuaga. Nilichomoa tu.
Kioo kikawa cheusi, nami nikashika taa
mpaka mkono ukafa ganzi,
nikitazama ukutani, sikutazama kwingine,
mpaka mtu mpya akapiga kelele kushinda mabati.

Alfajiri umeme ukarudi bila kuomba radhi.
Mashine ikaamka, ikakosea njia, ikasimama.
Nikaiandikia ile amri ya kumaliza yaliyoachwa,
nayo ikaanza pale pale ilipoachia,
haikuniuliza nilikuwa wapi.
Bisimwa akasema: "Unaona? Ilikuwa mugonjwa."

Sasa kile kimoja.
Murhula aliandika programu ya kuandikisha vizazi,
usiku, kwa chai ya tangawizi, bila kumwachia mtu maelezo.
Inategemea toleo la zamani, lile tu;
likisogea, inakufa.
Naye alitangulia, miaka miwili sasa, homa ya siku nne.
Nimelifunga toleo lile kwa mkono wangu
kama mjane asiyegusa viatu vilivyo mlangoni.
Najua ni tundu.
Najua kuna komeo lake, tayari, linangoja.
Nimenunua daftari la kujifunza lugha aliyoiandikia.
Nimefika ukurasa wa tisa.

Nikafungua programu yake, polepole kama kawaida:
Msichana. Kilo tatu na gramu mia mbili.
Saa tisa na dakika nne.
Jina: bado.
Nikabonyeza kuhifadhi,
na yale maandishi yake madogo ya kijani yakatokea,
yenye kosa la tahajia ambalo sijalisahihisha:
"Asanti. Imeingia."